Jaji Leonard Sand na Kesi ya Mabomu ya 1998: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Jaji wa Shirikisho wa Marekani

Kila ifikapo Agosti 7 maswali ni yaleyale: nani aliwahukumu waliolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, kwa mamlaka gani, na mbona hawakunyongwa? Ukitaka kuyajibu vizuri inabidi umjue marehemu Jaji Leonard Sand, na uijue kazi aliyokuwa akiifanya. Mwenye haraka na kesi yenyewe aruke hadi swali la 10.

## Misingi

1. Jaji Leonard Sand alikuwa nani?

Mzaliwa wa Bronx, New York, Mei 24, 1928. Alisomea sheria Harvard, akamaliza 1951, kisha akawa karani wa sheria wa Jaji Irving Kaufman, yule aliyewahukumu kifo Julius na Ethel Rosenberg, mume na mke walioshtakiwa kwa kuipelelezea Urusi ya Kisovieti. Baada ya hapo akawa mwendesha mashtaka wa serikali, akapita katika ofisi ya mawakili wanaoitetea serikali mbele ya Mahakama ya Juu, halafu akafanya uwakili wa kujitegemea kwa miaka mingi. Rais Jimmy Carter alimteua kuwa jaji mwaka 1978, katika mahakama ileile aliyokuwa karani. Alifariki Desemba 3, 2016, akiwa na miaka 88, bado anaitwa jaji.

Njia hiyo ya ukarani, uendesha mashtaka, uwakili wenye kipato kizuri na hatimaye joho ni njia ya kawaida kabisa kwa majaji wa New York. Kilichomtofautisha ni kesi mbili zilizomwangukia: ya ubaguzi wa makazi katika mji wa Yonkers (swali la 15) na ya mabomu ya Afrika Mashariki.

2. "Mahakama ya wilaya" ya Marekani ni sawa na Mahakama ya Wilaya ya kwetu?

Hapana, na tafsiri hii imewapoteza wengi. Tanzania, Mahakama ya Wilaya ina hakimu, na jaji humkuti mpaka ufike Mahakama Kuu. Marekani, neno wilaya katika mahakama za shirikisho ni eneo kubwa la kimahakama. Nchi nzima ina 94. Kila moja ina mahakama inayosikiliza kesi kwa mara ya kwanza, mashahidi wakasimama na vielelezo vikapokewa. Anayekaa pale ni jaji kamili. Kwa mizani ya kwetu, mfikirie kama jaji wa Mahakama Kuu.

Nafasi za majaji hawa ni 677. Juu yao kuna mahakama za rufani, na juu kabisa Mahakama ya Juu yenye majaji tisa. Mahakama ya Sand ni ya Wilaya ya Kusini ya New York: Manhattan, Bronx na kaunti sita za kaskazini. Wenyewe hujisifu kwamba walikaa kwa mara ya kwanza Novemba 1789, miezi mitatu kabla Mahakama ya Juu yenyewe haijakaa.

3. Jaji wa shirikisho na jaji wa jimbo wanatofautianaje?

Talaka, mirathi, wizi wa dukani, mauaji ya mtaani: hizo kwa kawaida ni kesi za jimbo, na katika majimbo mengi majaji wake hupigiwa kura kama madiwani. Jaji wa shirikisho hushughulikia sheria zilizotungwa na Bunge la taifa, madai ya kuvunjwa kwa Katiba, na ugomvi kati ya watu wa majimbo tofauti wenye thamani inayozidi dola 75,000. Yeye hapigiwi kura na wananchi.

## Kuingia kazini, kulipwa, kuzeeka

4. Anapatikanaje? Kuna mtihani?

Hakuna mtihani. Rais huteua, Seneti huthibitisha. Kati ya hapo kuna madodoso marefu, uchunguzi wa FBI, na kikao mbele ya kamati ya sheria ya Seneti ambako maseneta humuuliza mteule maswali huku familia yake imekaa nyuma yake na nguo za heshima.

Ila mlango wa kweli uko kwa maseneta wawili wa jimbo husika. Kila mmoja hupelekewa karatasi ya rangi ya buluu. Asipoirudisha, kwa desturi jina hilo hulala. Desturi hii haimo katika Katiba, na bado imezika majina mengi kuliko hoja yoyote ya kisheria. Kanuni nyingine zimebadilika: tangu 2013 wingi wa kawaida wa kura unatosha kumpitisha jaji wa wilaya, na tangu 2019 mjadala wa mwisho umepunguzwa kutoka saa 30 hadi saa 2.

Msomaji wa Kenya aliyezoea kuona Tume ya Huduma za Mahakama ikiwahoji waombaji mbele ya kamera ataona hili ni siasa tupu. Ni siasa kweli. Tofauti iko baada ya kuapishwa. Tazama swali la 6.

5. Analipwa kiasi gani?

Mwaka 2025, dola 247,400 kwa mwaka, sawa kwa wote: mpya na mkongwe, wa Manhattan na wa Dakota Kaskazini. Ni pesa nyingi mpaka ukumbuke kwamba katika makampuni makubwa ya uwakili ya New York, kijana wa mwaka wa kwanza huanza na 225,000 kabla ya bonasi. Karani wa jaji anaweza kutoka ofisini Ijumaa na kumpita bosi wake kwa kipato Jumatatu. Katiba inakataza kupunguza mshahara wa jaji akiwa kazini, ili Bunge lisimkomoe kwa hukumu lisiyoipenda.

6. Ni kweli anateuliwa kwa maisha yote?

Ndiyo. Katiba inasema atashika nafasi yake maadamu ana mwenendo mwema, na haitaji umri wa kustaafu. Kwa ajabu, haitaji pia sifa yoyote ya kuingia: si umri, si uraia, si hata shahada ya sheria, ingawa siku hizi huwezi kupita bila kuwa mwanasheria aliyebobea.

Njia ya kupumzika ipo. Jaji aliyefikisha miaka 65 na kutumikia 15 anaweza kuwa jaji mwandamizi: nafasi yake inajazwa na mtu mwingine, mshahara unaendelea, naye anachukua kesi kwa kiasi anachotaka. Umri na miaka ya kazi vikijumlishwa vinatakiwa vifike 80. Sand alifanya hivyo 1993, hesabu ikimkaa sawasawa: 65 na 15.

Sasa angalia. Kesi ya mabomu iliposikilizwa mwaka 2001 alikuwa na miaka 72. Angekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, angestaafu akiwa na 60. Kenya ya leo, 70. Kesi kubwa kuliko zote alizowahi kusikiliza aliisikiliza akiwa, kwa hesabu zetu, mzee wa pensheni.

Wengine hata wakishakuwa waandamizi hawapumziki. Jaji Wesley Brown wa Kansas, aliyeteuliwa na Rais Kennedy 1962, aliendelea kusikiliza kesi hadi alipofariki Januari 2012 akiwa na miaka 104. Je, hilo ni jambo jema? Kwa maoni yangu, hapana. Kuna siku mzee anapaswa kuambiwa apumzike. Lakini naelewa waliolipanga hivyo walikuwa wanaogopa nini.

## Kazi ya kila siku

7. Jaji anachaguaje kesi?

Hachagui. Zamani majina ya majaji yaliwekwa katika kigurudumu cha mbao, karani akazungusha na kuchomoa. Leo kompyuta inafanya kazi hiyohiyo, na watu bado wanasema "gurudumu". Kesi ikishaanguka kwa jaji, ni yake tangu hati ya kwanza hadi adhabu, na zikizuka kesi zinazohusiana nayo mara nyingi hupelekwa kwake. Ndiyo maana kesi ya Yonkers ilikuwa mikononi mwa Sand kwa zaidi ya miaka 25.

8. Kama jopo la wananchi ndilo linaloamua, jaji anafanya nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu lake ndilo moyo wa kazi yote. Katika kesi ya jinai, wananchi 12 wasio wanasheria huamua kama mshtakiwa ana hatia, na lazima wakubaliane wote. Si kama wazee wa baraza wa mahakama zetu, ambao walitoa maoni na jaji akawa huru kuyaacha. Jopo likisema hana hatia, mshtakiwa anakwenda nyumbani hata kama jaji anaamini vingine.

Lakini jopo huamua kwa yale tu liliyoyasikia, na mwenye kuamua lisikie nini ni jaji. Siku yake hupita hivi: asubuhi kabla jopo halijaingia, mawakili wanagombania picha moja ya eneo la tukio, kama inathibitisha jambo au inawachoma tu watu mioyo. Jaji anaamua papo hapo, pengine kwa sentensi moja. Shahidi akianza kusimulia alichoambiwa na jirani, wakili anasimama kupinga, jaji anasema "imekubaliwa" au "imekataliwa", na kazi inaendelea. Mara mia kwa siku. Jambo likiwa zito, mawakili husogea hadi pembeni ya kiti chake wakanong'ona, mpiga chapa wa mahakama akiwa karibu na mashine yake asikose neno.

Mwishoni huwasomea wananchi wale maelekezo ya sheria: shaka ya msingi ni nini, njama ni nini, shahidi aliyepewa nafuu na serikali apimwe vipi. Yanaweza kuchukua saa kadhaa. Sand alikuwa bingwa wa eneo hili. Alikuwa mmoja wa waandishi wa mkusanyo wa maelekezo ambao majaji wenzake nchi nzima huutumia.

Hayo yote ni kwa kesi zinazosikilizwa hadi mwisho, nazo ni chache. Zaidi ya tisa katika kila kumi ya wanaotiwa hatiani katika mahakama za shirikisho hukiri wenyewe kwa makubaliano na waendesha mashtaka. Kwa hao, kazi ya jaji ni kuhakikisha mtu anajua anachokiri, halafu kupanga adhabu.

9. Anasaidiwa na nani?

Makarani wa sheria wawili au watatu, kwa kawaida vijana waliotoka chuoni na matokeo ya juu, wanaokaa mwaka mmoja au miwili, msimamizi wa ratiba ya mahakama, mpiga chapa. Pia kuna mahakimu wa shirikisho, wanaoteuliwa na majaji wenyewe kwa miaka minane, ambao hushughulikia dhamana na mabishano ya awali. Mtuhumiwa akikamatwa, uso wa kwanza anaouona mahakamani kwa kawaida ni wa hakimu huyu.

## Kesi ya mabomu

10. Mabomu yalilipuka kwetu. Kwa nini kesi ilisikilizwa New York?

Agosti 7, 1998, asubuhi ya saa nne na nusu na ushei, malori mawili yalilipuka kwa tofauti ya dakika chache. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Wengi mno walikuwa Wakenya na Watanzania waliokuwa kazini au wanapita njia. Wamarekani walikuwa 12. Jengo la Ufundi House, jirani na ubalozi wa Nairobi, lilianguka na watu ndani.

Sheria ya Marekani inaruhusu kuwashtaki kwao wanaoua raia wao au kushambulia mali ya serikali yao popote duniani. Kosa likitendeka nje ya nchi, kesi inaweza kusikilizwa mahali mtuhumiwa anapofikishwa kwanza, na ndege zilitua New York. Zaidi ya hayo, waendesha mashtaka wa pale walikuwa wanamchunguza Osama bin Laden hata kabla ya milipuko. Kisheria inaeleweka. Lakini ni halali kwa mtu aliyempoteza mama yake pale kituo cha reli kuuliza kwa nini hakuweza kuwaona washtakiwa kwa macho yake bila viza.

11. Waliosimama mbele ya Sand ni nani, na ilikuwaje?

Wanne. Mohamed al-Owhali, Msaudi aliyekuwa ndani ya lori la Nairobi akaruka na kukimbia. Mohamed Odeh, aliyekuwa akiishi Kenya na kukamatwa Karachi siku ileile ya milipuko. Khalfan Khamis Mohamed, Mtanzania kutoka Zanzibar, aliyepanga nyumba ya Ilala ambako bomu la Dar es Salaam lilitengenezewa, akakamatwa Cape Town 1999. Na Wadih el-Hage, raia wa Marekani mzaliwa wa Lebanon, aliyewahi kuishi Nairobi. Huyu alishtakiwa kwa njama na kusema uongo chini ya kiapo.

Uteuzi wa jopo ulianza Januari 2001, na wananchi wale walibaki bila majina: hata mawakili hawakujua wanaitwa nani. Mei 29, 2001, wote wanne walikutwa na hatia katika mashtaka yote 302.

Kuna tukio la Juni 1999 ambalo watu wa mahakama ile hawalisahau. Katika kikao cha awali, el-Hage aliruka kutoka alipokuwa amekaa na kumkimbilia jaji. Askari wa mahakama alimdaka na kumkandamiza kabla hajafika. Baada ya hapo washtakiwa walifungwa pingu. Sand hakujitoa katika kesi. Nadhani alielewa kwamba jaji akijitoa kwa sababu mshtakiwa amemrukia, kila mshtakiwa atajua namna ya kumbadilisha jaji.

12. Je, ni kweli Sand alikaribia kuyakataa maelezo ya al-Owhali?

Kweli, na ndiyo sehemu ya kesi yenye uzito kuliko zote kisheria. Al-Owhali alihojiwa Nairobi na makachero wa Kimarekani akiwa mikononi mwa polisi wa Kenya. Kabla ya mahojiano alipewa fomu ya haki zake. Fomu ile ilimwambia kwamba angekuwa Marekani angekuwa na haki ya wakili, ila kwa kuwa hawako Marekani hawawezi kumhakikishia kwamba atapewa.

Serikali ilidai kwamba mgeni aliyehojiwa nje ya nchi halindwi na Katiba ya Marekani. Sand alikataa hoja hiyo: mtu akishahojiwa na maofisa wa Marekani na kuletwa kushtakiwa Marekani, kinga ya kutolazimishwa kujishuhudia inamhusu, awe raia au la. Na fomu, alisema, ina kasoro. Mwanzoni alielekea kuyazuia maelezo yale. Serikali ikaomba kuleta ushahidi zaidi, na baada ya kuusikia aliyaruhusu yale yaliyotolewa baada ya mwendesha mashtaka wa Kimarekani kumweleza mtuhumiwa haki zake kwa mdomo. Mahakama ya rufani iliyathibitisha matokeo hayo 2008.

Wapo wanaolisoma hili kama kujikanyaga. Mimi nalisoma kama jaji anayefanya kazi yake hadharani: anaweka kanuni kwanza, kisha anauliza kama ukweli wa kesi hii unaivunja.

13. Kwa nini hawakunyongwa?

Kwa sababu jopo halikukubaliana. Adhabu ya kifo iliombwa kwa wawili, al-Owhali na Khalfan Khamis Mohamed, na kwa shirikisho ni wananchi 12 wanaotakiwa kuikubali kwa sauti moja. Katika maelezo yao ya maandishi, wengi walionyesha wasiwasi kwamba kumwua al-Owhali kungemfanya shahidi wa imani machoni pa wafuasi wake. Kukosekana kwa umoja kukaleta kifungo cha maisha bila uwezekano wa kutoka.

Kuna jambo la pembeni lisilojulikana sana. Mei 28, 2001, siku moja kabla ya uamuzi wa New York, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema kumkabidhi Mohamed bila hakikisho kwamba hatauawa kulikuwa kinyume cha sheria, ikaagiza nakala ipelekwe haraka kwa mahakama ya New York.

Sand alitamka adhabu Oktoba 18, 2001: maisha kwa wote wanne, pamoja na amri ya fidia ya zaidi ya dola milioni 33. Mahakama iko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka yalipokuwa majengo pacha ya World Trade Center, na zilikuwa zimepita wiki tano tu tangu yaanguke.

14. Na yule Ghailani? Na fidia ya waathirika?

Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania mwingine wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan 2004, akawekwa kwenye mahabusu za siri za CIA, kisha Guantanamo, na kufikishwa New York 2009. Kesi yake ilimwangukia Jaji Lewis Kaplan. Kaplan alimzuia shahidi muhimu kutoka Tanzania, aliyetarajiwa kusema aliuza baruti, kwa sababu serikali ilimjua shahidi huyo kupitia mahojiano ya kulazimisha aliyofanyiwa Ghailani. Novemba 2010 jopo lilimwachia Ghailani katika mashtaka zaidi ya 280 na kumkuta na hatia katika moja. Hilo moja lilitosha: Januari 2011 Kaplan alimfunga maisha. Kaplan huyohuyo alimrudishia el-Hage kifungo cha maisha mwaka 2013, baada ya mahakama ya rufani kuagiza adhabu yake ipangwe upya.

Fidia ni hadithi nyingine, na inauma. Iliendeshwa Washington mbele ya Jaji John Bates, kwa madai kwamba Sudan iliwapa hifadhi walipuaji. Alitoa hukumu za mabilioni ya dola. Mwishowe Sudan ilikubali kulipa milioni 335. Lakini sheria iliyofungua mlango huo inawahusu raia wa Marekani na waliokuwa wafanyakazi au wakandarasi wa serikali yake. Mkenya aliyekuwa mlinzi wa ubalozi aliingia; Mkenya aliyekuwa akipita kwenye basi hakuingia. Jaji hawezi kulipanua hilo. Analolalamikia mwathirika hapa ni kazi ya Bunge la Marekani.

## Yonkers

15. Kesi ya Yonkers ilikuwa nini, na jaji anaweza kweli kuufilisi mji?

Mwaka 1980 serikali kuu iliushtaki mji wa Yonkers, kaskazini mwa Bronx, kwa kurundika nyumba zote za umma upande mmoja ili Weusi wasisambae. Uamuzi wa Sand wa 1985 ulikuwa na kurasa zaidi ya 600: alipitia miaka 40 ya maamuzi, kiwanja kwa kiwanja, na kukuta ubaguzi wa makusudi katika makazi na shule. Akaamuru nyumba zijengwe pia mashariki.

Mji ulikubali kwa karatasi, kisha Agosti 1988 madiwani wanne kati ya saba wakapiga kura kukaidi. Sand alitoza mji faini ya dola 100 siku ya kwanza, ikijirudufu kila siku. Fanya hesabu: siku ya nane ni 12,800; ya 15 ni 1,638,400; ya 22 inapita milioni 209. Mahakama ya rufani iliweka kikomo cha milioni moja kwa siku, na hata hiyo ilitosha. Barua za kupunguza wafanyakazi zilipoanza kunukia, Septemba madiwani walisalimu amri kwa kura tano dhidi ya mbili.

Alivuka mpaka? Kwa faini za mji, hapana. Kwa faini za dola 500 kwa siku alizomtoza binafsi kila diwani aliyekaidi, Mahakama ya Juu ilisema ndiyo, mwaka 1990, kwa kura tano dhidi ya nne: angejaribu kwanza faini ya mji peke yake. Kesi ilifungwa rasmi 2007. Sand alikuwa bado ndiye jaji wake.

## Maswali ya pembeni

16. Jaji akibatilishwa na mahakama ya rufani, anaadhibiwa?

La. Kubatilishwa ni sehemu ya kazi. Januari 1990 Sand aliamua kwamba kuombaomba ndani ya vituo vya treni za chini ya ardhi ni uhuru wa kujieleza. Mwaka huohuo mahakama ya rufani ikamgeuza. Alirudi kazini kesho yake kama kawaida.

17. Anaweza kufukuzwa?

Kwa njia moja tu: Baraza la Wawakilishi limshtaki, na theluthi mbili za Seneti zimtie hatiani. Katika historia nzima majaji wa shirikisho 15 wameshtakiwa hivyo na wanane wameondolewa. Wa kwanza alikuwa John Pickering wa New Hampshire, 1804, kwa ulevi na akili kuyumba. Aliyesisimua zaidi ni Alcee Hastings wa Florida: aliondolewa 1989, akagombea ubunge, mwaka 1993 akaingia Baraza lilelile lililomshtaki, na kukaa hadi kifo chake 2021.

18. Usalama wake ukoje?

Askari wa shirikisho wanamlinda, lakini nyumbani ni nyumbani. Jaji John Wood alipigwa risasi San Antonio 1979. Richard Daronco, aliyekuwa mahakama moja na Sand, aliuawa kwake Mei 1988 na baba wa mwanamke aliyeshindwa kesi mbele yake. Miezi mitatu baadaye ndipo Sand alipoanza kuitoza Yonkers faini. Julai 2020 mtoto wa Jaji Esther Salas wa New Jersey aliuawa mlangoni, na 2022 ikapitishwa sheria ya kuficha anwani za majaji.

19. Nikipelekwa mahakama ya shirikisho nitapata mkalimani wa Kiswahili?

Katika kesi iliyoletwa na serikali, ndiyo, kwa gharama ya mahakama. Sheria hiyo ni ya 1978. Mtihani wa shirikisho wa kuwathibitisha wakalimani kwa sasa ni wa Kihispania tu, kwa hiyo wa Kiswahili hupatikana kwa kupimwa sifa na uzoefu wake. Ushauri wangu: ukiona mkalimani anazungumza Kiswahili usichokizoea, iwe cha Lubumbashi, Mombasa au Zanzibar, mwambie wakili wako palepale. Usitikise kichwa kwa adabu. Kinachoandikwa na mpiga chapa ni maneno ya Kiingereza ya mkalimani; yako hayaandikwi.

20. Jaji wa uhamiaji ni jaji wa shirikisho?

Si kwa maana tuliyoizungumzia. Jaji wa uhamiaji ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria; hathibitishwi na Seneti, na yaliyosemwa katika swali la 6 na la 17 hayamkingi. Wengi wetu walioko Minneapolis au Columbus wanamwogopa huyo na hawajawahi kumwona yule mwingine.

Au hujikuta wanamwona siku moja tu. Sherehe nyingi za kiapo cha uraia huendeshwa na majaji wa wilaya, wakati mwingine ndani ya chumba kilekile cha mahakama ambamo jana yake mtu alifungwa. Unasimama na bahasha mkononi, unainua mkono wa kulia, mzee mwenye joho anasoma sentensi ndefu isiyo na nukta, nawe unaifuatisha. Kisha anashuka kupiga picha na watoto. Majaji wengi husema ndiyo asubuhi pekee katika mwezi ambayo hakuna mtu anayetoka chumbani mwao ameshindwa.